Wito wa Harambee: Tuezeke Ghala la Kahawa Kabla ya Masika, Tuyaokoe Majina ya Waliotusomesha

Ndugu zetu wapendwa, wana wa nyumbani mnaoishi Dar es Salaam na Pwani, pamoja na wakwe zetu na marafiki ambao mmeupenda mlima wetu wa Kilimanjaro hata kama hamkuzaliwa huko,

Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Asalaam aleikum.

Kamati ya umoja wetu inawaandikia kwa haraka, na tuseme kweli, kwa aibu kiasi, kwa sababu jambo tunalowaomba leo tulipaswa kuwa tumelimaliza miaka mingi iliyopita, wakati wazee wengi waliolijua kwa undani walikuwa bado hai. Ghala la zamani la chama chetu cha msingi cha ushirika, lile la mawe lililo kando ya njia ya kwenda kanisani, upande wa Kibosho, linavuja. Halivuji kwa tone moja moja; bati zimeoza kiasi kwamba mtu akisimama ndani mchana anaona mawingu yakipita. Ndani ya ghala hilo ndimo yalimo madaftari ya wakulima wa kahawa wa kijiji chetu, na mvua za vuli zilizopita zimekwisha kuyafikia.

Mimi katibu, ninayeandika kwa niaba ya wenzangu, niliyaona kwa macho yangu siku ya pili baada ya Krismasi. Mzee mmoja aliyekuwa karani wa mizani alinifungulia mlango, akanipeleka nyuma kwenye uwanja, na hapo nikakuta kichanja cha kuanikia kahawa kimetandazwa karatasi badala ya kahawa. Alikuwa amezibandua kurasa moja baada ya nyingine kwa kisu cha mezani, akaziweka juani na kuzikandamiza kwa vijiwe ili upepo usizipeperushe. Kila ukurasa una safu zake: namba ya mwanachama, jina la mkulima, uzito wa kahawa kwa ratili, malipo ya awali, malipo ya pili, na mwisho kabisa sahihi. Wengi hawakujua kuandika, kwa hiyo mahali pa sahihi pana alama ya kidole gumba. Kwenye kurasa kavu alama hizo bado ziko wazi mpaka mistari ya ngozi inaonekana. Kwenye kurasa zilizolowa wino umetawanyika, na palipokuwa na kidole cha mtu pamebaki doa la rangi ya zambarau lisilo na mwenyewe.

Niliuliza ni kurasa ngapi zimeharibika. Mzee hakunijibu kwa hesabu. Alinionyesha jina la babu yangu, namba na ratili zake, kisha akageuza upande wa pili ili nione kwamba jina la jirani yake, waliyepakana kwa mstari wa masale, mimea ya kuonyesha mpaka, halisomeki tena.

Ndugu zetu, wapo watakaouliza kwa nini tuchangishane fedha kwa ajili ya karatasi kuukuu wakati nyumbani kuna wagonjwa na watoto wasio na ada. Swali hilo ni la haki, na kamati ililijadili kwa kirefu, lakini jibu letu ni kwamba watu walioandikwa humo ndio waliotufikisha hapa tulipo, na hatuna mahali pengine popote ambapo majina yao yamewekwa. Kahawa ilipandwa Kilema, huko huko mlimani, na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19, na wenyeji walipoanza kuilima kwa wingi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walowezi waliokuwa na mashamba ya tambarare walipinga kwa nguvu, wakidai kwamba miti ya Wachaga ingeleta magonjwa na wizi, na wakihofia kukosa vibarua. Wazee wetu walijibu kwa kuungana. Mwaka 1925 kikaundwa chama cha wenyeji wapanda kahawa wa Kilimanjaro, KNPA, chini ya Joseph Merinyo, na baada ya sheria ya ushirika ya mwaka 1932 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika wa wenyeji wa Kilimanjaro, KNCU, mwaka 1933, ambacho vyama vya msingi kama chetu vilikuwa miguu yake. Watu ambao hawakuwa na benki wala wakili walijenga maghala, wakaweka mizani yao wenyewe, wakauza kahawa yao kwa pamoja.

Historia hiyo haikuwa ya sifa tupu, na hatutaki kuipaka chokaa. Mwaka 1937, bei zikiwa chini na wakulima wakilazimishwa kuuza kupitia chama peke yake, kulizuka fujo mlimani, watu wakidai haki ya kuuza wanapotaka. Wapo babu zetu waliokuwa upande wa chama na wapo waliokuwa upande wa waliokasirika, na kamati imekubaliana kwamba wote wataheshimiwa, kwa sababu mkulima anayeuliza fedha yake imekwenda wapi naye ameujenga ushirika. Baadaye, vyama vikuu vilipovunjwa mwaka 1976, madaftari yetu yalinusurika kwa kuwa makarani waliyabeba nyumbani kwao na kuyaficha darini, juu ya jiko, ambako moshi uliyakinga na wadudu. Ushirika uliporejeshwa kwa sheria ya mwaka 1982 waliyarudisha ghalani mmoja mmoja, bila kudai hata nauli. Yaliyoponea moshini ndiyo sasa yanayoangamia kwa maji.

Lakini madaftari yenyewe yana pengo ambalo ndilo hasa lililotufanya tuongeze jambo la pili katika wito huu. Katika kurasa zote nilizozipitia siku ile, majina ya wanawake ni machache mno, na karibu yote ni ya wajane. Aliyeandikwa ni mwenye kihamba, yaani shamba la ukoo linaloizunguka nyumba, na mwenye kihamba alikuwa mwanamume. Hata hivyo kila mmoja wetu anajua nani aliyekuwa akishuka porini alfajiri kukata majani ya ng'ombe na kupanda nayo mlima kichwani, nani aliyesomba samadi kutoka zizini kwenda kwenye migomba, nani aliyechuma mbivu kwa mkono, akazimenya, akaziosha, akazigeuza juani na kukimbia kuzifunika wingu likitanda. Mfumo wa kihamba, yaani miti mirefu juu, migomba chini yake, kahawa kivulini na magimbi chini kabisa, ulitambuliwa mwaka 2011 na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa kuwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia nzima, kwa kuanzia na Shimbwe Juu, jirani zetu. Tulishangilia habari hiyo. Sasa tuwataje waliouweka hai mfumo huo kila siku kwa miguu yao.

Vivyo hivyo wachimbaji wa mifongo, yaani mifereji yetu ya jadi ya maji. Walitoa maji mtoni juu karibu na msitu, wakayatembeza ubavuni mwa mlima kwa mteremko mdogo sana bila chombo chochote cha kupimia zaidi ya jicho na maji yenyewe, wakayavusha makorongo kwa magogo yaliyochongwa katikati, wakayakusanya usiku kwenye nduwa, yaani mabwawa madogo, ili asubuhi yafunguliwe kwa zamu. Asiyefika siku ya kusafisha mfongo alitozwa faini. Mfongo unaopita nyuma ya shule yetu ya msingi bado unatiririsha maji, na hakuna mtoto hata mmoja shuleni hapo anayeweza kumtaja mtu aliyeuchimba.

Kwa hiyo tunaomba tufanye mambo matatu. La kwanza na la haraka ni kuezua paa lote, kubadilisha kenchi na papi zilizoliwa na mchwa, na kuezeka upya kwa bati za geji 28, kazi ambayo fundi ameikadiria shilingi 14,600,000 pamoja na usafiri wa vifaa kutoka Moshi mjini. La pili ni kununua makabati ya chuma na kupiga picha kila ukurasa unaosomeka ili nakala zihifadhiwe pia huku Dar es Salaam, shilingi 3,900,000. La tatu ni ukuta wa majina ndani ya ghala, utakaoandikwa majina ya wakulima wa madaftarini na, kwa nafasi iliyo sawa nayo, majina ya wanawake na wachimba mifongo yatakayokusanywa kutoka kwenye familia, shilingi 5,500,000. Nje ya ukuta huo tutapanda masale, na kwa hilo hatuhitaji fedha.

Jumla ni shilingi 24,000,000. Katika mkutano wetu uliofanyika Kimara Jumapili iliyopita zilipatikana shilingi 6,350,000 taslimu, na tunawashukuru sana waliotoa, hususan akina mama wa kikundi cha kuweka na kukopa ambao walikuwa wa kwanza kusimama. Bado tunahitaji shilingi 17,650,000. Daftari la umoja wetu lina kaya 180; kila kaya ikitoa 100,000 tu, tunavuka. Vijana walioanza kazi karibuni wanaombwa kuanzia 20,000, na mwenye mbao, bati au gari la kubebea atahesabiwa kama aliyetoa fedha.

Tunasema hili kwa upendo: hakuna mwezi unaopita hapa mjini bila kadi ya mchango wa harusi kufika mkononi mwa kila mmoja wetu, na tunazilipa, nyingine 100,000 na nyingine zaidi, kisha tunakaa ukumbini hadi usiku wa manane tukimshukuru Mungu kwa furaha ya wenzetu. Ni desturi njema na tusiiache. Kila Desemba tunapanda nyumbani na magari yaliyojaa, tunapita mbele ya ghala lile lile, tunapunguza mwendo kwa sababu ya kona, na tunaendelea. Nami nimepita hapo miaka kumi na tisa nikiwa na usukani mkononi. Wengi wetu tulisoma sekondari kwa malipo ya pili ya kahawa, yale yaliyosubiriwa nyumbani kama mvua, na baba alipoyapokea alikwenda moja kwa moja shuleni kabla hajanunua hata kiberiti. Wengine bado tunaikumbuka harufu ya mrututu, dawa ya kupulizia kahawa, kwenye shati lake la kazi na rangi ile ya buluu iliyogoma kutoka kwenye kucha zake, siku zile alipokuwa akibeba bomba mgongoni kupambana na magonjwa ya kahawa, chulebuni na kutu ya majani, ili ada yetu isikose.

Ninyi si watu wa kusukumwa. Madarasa mawili ya shule ya msingi yaliyojengwa kwa michango yenu yamesimama, na mliposikia daraja la waenda kwa miguu limebebwa na maji mlituma fedha kabla barua yetu haijawafikia wote. Ndiyo maana tunathubutu kurudi mlangoni kwenu.

Kuhusu fedha, kila mchango utatolewa stakabadhi, akaunti ina watia saini watatu na hakuna malipo yatakayofanyika bila sahihi mbili, na taarifa ya mapato na matumizi itasomwa kwenye mkutano mkuu na kubandikwa kwenye mlango wa ghala. Wanakamati wamejilipia nauli zao wenyewe na wataendelea hivyo.

Harambee kuu itafanyika Jumamosi ya pili ya mwezi wa Februari, saa nane mchana, kwenye ukumbi uleule wa Kimara, na itafunguliwa kwa sala ya pamoja ya wachungaji, padre na shehe walio wanachama wetu. Tumeichagua tarehe hiyo kwa sababu masika huanza Machi, na fundi anahitaji wiki tatu za jua. Atakayeshindwa kufika akabidhi mchango wake kwa mjumbe wa eneo lake, au amtumie mweka hazina kwa namba ambayo kila mwanachama anayo.

Pamoja na mchango wako, tafadhali andika kwenye karatasi jina kamili la bibi yako mzaa baba na mzaa mama, kihamba walicholima, na mfongo uliowapa maji ikiwa unaujua. Usipolijua jina, mpigie simu leo mzee aliyebaki kwenu umuulize. Karani wa mizani amekubali kuyapokea majina hayo na kuyaandika kwa mwandiko wake katika daftari jipya tulilomnunulia, na ametuomba tusichelewe, kwa kuwa macho yake sasa yanaona vizuri asubuhi tu.

Wenu katika kuijenga nyumbani,

Katibu, kwa niaba ya Kamati
Dar es Salaam