Chipu Ikishtuliwa, Hutaja Ufunguo Wake

Wateja wengi wanaokuja karakana yetu hapa Ngara ni watu wa mita za stima za nyumba za kupanga, mashine za kuuza maji kwa kadi, na sola za kulipia pole pole. Tukianza kuongea kuhusu usalama, karibu kila mmoja huuliza: "Fundi, kifaa changu kinatumia AES. Si hiyo imetosha?"

Ni swali la haki. AES, njia ya kuificha data kwa namba ya siri iitwayo ufunguo, ilipitishwa kuwa kanuni rasmi ya usimbaji fiche nchini Marekani mwaka 2001, na hadi leo hakuna anayeweza kuupata ufunguo wake wa biti 128 kwa kubahatisha mmoja mmoja. Lakini hesabu hiyo inafanywa na chipu ndogo inayokula volti 3.3, na chipu unaweza kuishtua ikiwa katikati ya kazi.

Mtu mwenye nia mbaya huchukua mita yako, akaifungua mezani kwake, akakata umeme wa chipu kwa muda ulio mfupi kuliko sehemu ya milioni ya sekunde. Chipu haizimiki. Inajikwaa, inakosea hesabu moja, kisha inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Wengine huivuruga saa ya chipu, yaani mapigo yanayoongoza hatua zake, wengine huweka koili ya sumaku juu yake, na wenye maabara kubwa hutumia leza. Mwaka 1997 Eli Biham na Adi Shamir walionyesha kwamba makosa ya namna hii yanatosha kufichua ufunguo wa DES, usimbaji uliotumika sana kabla ya AES.

Kosa linafichuaje ufunguo? Hapa naomba uvumilivu kidogo, maana ndipo penye kiini cha jambo lote.

AES huchukua data bloku kwa bloku, kila bloku baiti 16, na yenye ufunguo wa biti 128 huipitisha kila bloku kwenye raundi 10. Kila raundi hubadilisha baiti, huzihamisha, huzichanganya na kuzitia ufunguo wa raundi hiyo, uliotokana na ule wa mwanzo, ila ya mwisho haina kuchanganya. Kosa likitokea mapema sana, jibu lote linavurugika na mshambulizi hapati cha kushika. Likitokea mwisho kabisa, baada ya baiti kubadilishwa kwa mara ya mwisho, tofauti inayobaki haisemi lolote kuhusu ufunguo. Pabaya ni hapo katikati ya hayo mawili. Baiti moja ikiharibika kabla ya kuchanganywa kwenye raundi ya 9, jibu linatoka na baiti 4 zisizo sahihi. Mshambulizi analo jibu sahihi na jibu lenye kosa, yote ya data ile ile. Anakisia baiti 4 za ufunguo wa mwisho, anarudi nyuma hatua moja, kisha anajiuliza: tofauti hii ingeweza kuzaliwa na baiti moja tu iliyoharibika? Makisio mengi mno yanaanguka hapo hapo. Mwaka 2003 Gilles Piret na Jean-Jacques Quisquater walionyesha kwamba kosa likirudishwa raundi moja nyuma, majibu mawili mabovu yanatosha kuupata ufunguo wote. Na ufunguo wa raundi ya mwisho ukishapatikana, ule wa mwanzo unapatikana kwa hesabu ya kawaida.

Ndiyo maana nikipokea kifaa, la kwanza ninalouliza ni kama vifaa vyote vina ufunguo mmoja. Mara nyingi ni hivyo, na huniuma, kwa sababu mwenye ploti anayefungua mita yake moja anakuwa amefungua za mji mzima. Tazama tokeni za stima tunazonunua kwa simu, zile za tarakimu 20: kila mita ina ufunguo wake, uliotokana na ufunguo mkuu pamoja na namba ya mita. Tokeni ya jirani haiingii kwako. Fanya vivyo hivyo, na ufunguo mkuu usiwekwe kamwe ndani ya kifaa kinachokwenda kwa mteja.

La pili ni chipu kujikagua kabla ya kutoa jibu. Isimbe, ifumbue ilichosimba, ilinganishe na data ya mwanzo. Zikitofautiana, inyamaze. Fundi wa programu awe macho hapa: tumeona kompaila, programu inayogeuza maandishi ya fundi kuwa lugha ya chipu, ikiifuta hesabu ya pili kwa kuiona ni kazi ya bure, na mwenye kifaa akabaki akiamini analindwa. Hata ule ulinganisho wenyewe unaweza kurukwa kwa mshtuko mwingine, kwa hiyo tunaurudia mara mbili, na kati yake tunaweka kusubiri kwa muda usiotabirika.

Je, hapo tumemaliza? Hapana. Mwaka 2018 watafiti walionyesha kwamba hata majibu yaliyotoka sahihi licha ya kushtuliwa yanavujisha habari, yakikusanywa mengi. Kwa hiyo kifaa kihesabu mishtuko, na ikizidi kijifunge. Pia kisimpe mtu wa nje jibu ghafi la usimbaji pale ambapo "ndiyo" au "hapana" inatosha.

Chipu maalumu za usalama zenye vihisi vya volteji na mwanga ni nzuri, na kwa mashine za malipo nazipendekeza bila kusita. Mwenye mita 12 kwenye ploti moja sitamuuzia hizo. Funguo tofauti na programu iliyoandikwa kwa makini zitamfaa zaidi.

Ukitaka tupime kifaa chako, tuletee bodi tatu zinazofanana, kwa sababu nyingine hufa mezani, pamoja na programu yake na ufunguo wa majaribio. Ufunguo halisi uache kwako. Tunaishtua bodi kwa volteji na kwa saa, na tunakuandikia ni wapi ilikosea, ilitoa nini ilipokosea, na mstari gani wa programu urekebishwe. Ukisharekebisha, irudishe tuipime tena.