Barua ya Malalamiko kwa Kampuni ya Reli: Ng'ombe Waliogongwa Pasipo na Uzio

Meneja Mkuu,
Kampuni ya Reli.

Ndugu Meneja,

YAH: KUKATALIWA FIDIA YA NG'OMBE WANNE WALIOGONGWA NA TRENI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Barua yenu nimeipata. Mnasema hamdaiwi chochote kwa sababu kuchunga mifugo ni jukumu la mfugaji, na kwa sababu dereva alipiga honi na kufunga breki. Sikubaliani nanyi.

Dereva simlaumu hata kidogo. Treni ya mizigo iliyosheheni, ikishachanganya mwendo, inaweza kuhitaji kilomita nzima au zaidi kabla ya kusimama, na ng'ombe wangu walikuwa mara tu baada ya kona. Angefanya nini? Lakini utetezi huo ndio unaowabana. Ikiwa treni haiwezi kusimama ghafla wala kukwepa, basi kinachobaki cha kumtenga mnyama na reli ni uzio tu, na uzio si kazi ya dereva.

Uzio ulikuwepo zamani. Nendeni mkaone wenyewe: nguzo chache za zege bado zimesimama, nyingine zimelala, na seng'enge imejikunja ndani ya nyasi, imeliwa na kutu kiasi kwamba unaivunja kwa vidole. Hilo si tundu lililotobolewa usiku ule. Upande wenu wa nguzo hizo kuna mtaro wa maji ambao majani yake ni mabichi wakati malisho yangu yamekauka, na katikati ya mataruma yamezagaa mahindi yanayodondoka kwenye mabehewa yenu. Kisha mnaniuliza ng'ombe walifuata nini.

Tena hawakuwa wakizurura. Walikuwa ndani ya malisho yangu, yanayopakana na reli, na reli ndiyo iliyoyakuta malisho hapo.

Wala sidai jambo geni. Nchini Uingereza, sheria ya reli ya mwaka 1845 iliyataka makampuni kujenga na kutunza uzio kati ya reli na ardhi ya majirani ili mifugo isipenye. Huko Marekani, katika karne ya 19, majimbo mengi yalitunga sheria kwamba kampuni isiyoweka uzio italipa mnyama aliyegongwa, bila mwenye mnyama kulazimika kuthibitisha uzembe wa dereva. Jimbo la Missouri lilikwenda mbali zaidi, likaweka fidia maradufu. Kampuni ya Missouri Pacific ilipinga mpaka Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, na mwaka 1885 ikashindwa. Mtasema hizo ni sheria za wenyewe. Sawa, ila sababu zake ziko hapa hapa mbele ya nguzo zenu.

Na msidhani ni suala la ng'ombe peke yao. Tarehe 30 Julai 1984, karibu na Polmont huko Uskoti, treni ya abiria iligonga ng'ombe aliyeingia relini, ikaacha njia, na watu 13 wakapoteza maisha. Ng'ombe mmoja tu. Kwangu waligongwa wanne, na kwenye reli hiyo hiyo mnapitisha abiria kila siku.

Sasa madai yangu. Wawili kati yao walikuwa na mimba, mmoja alikuwa akinyonyesha (ndama wake sasa namlisha kwa chupa, na hataki), wa nne ni mtamba. Nataka mlipe thamani yao kwa bei ya soko ya ng'ombe hai wa maziwa, si bei ya nyama mliyonidokezea kwenye simu. Mlipe pia gharama za kuwazika, maana wafanyakazi wenu waliwaburuta hadi mtaroni wakawaacha hapo. Tathmini ya daktari wa mifugo nimeiambatanisha, pamoja na picha za hereni zao za masikioni na za uzio.

Naomba vilevile nakala ya kumbukumbu za ukaguzi wa uzio kwenye kipande hicho. Kama hakuna ukaguzi uliofanyika, niandikieni hivyo hivyo.

Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 21, nitafungua kesi ya madai. Wakati huo huo, wekeni seng'enge mpya, kwa sababu ng'ombe niliobaki nao bado wanalisha pale pale.

Wenu,
Mfugaji, jirani wa reli