Barua ya wazi kwa wanangu mliohitimu: mizani yenu ina kasoro

Wanangu,

Jumapili ile mlipokutana bustani ya Mama Ngina, hapa Mombasa, chini ya mibuyu, kutimiza miaka mitano tangu mvae majoho, mlinialika niwaombee dua. Nikaomba. Kisha mmoja wenu akatoa karatasi aliyoipiga mistari: jina, kazi, mshahara, gari, kiwanja. Ikazunguka mkono kwa mkono. Ilipomfikia binti mmoja, yule aliyekuwa akiwafundisha hesabu kila mtihani ukikaribia, aliandika jina lake, penye kazi akaacha wazi. Akaikunja ncha ya karatasi kwa kidole gumba, akampa wa pili, akasema anawahi feri. Kwao si Likoni, ng'ambo ya maji. Kwao ni Makadara, kisiwani huku huku, na nyote mnajua.

Sijalala vyema tangu siku hiyo.

Nimekuwa karani wa mizigo bandarini miaka 31, na mizani naijua. Lori hupanda, dereva huzima injini, namba hutulia, ndipo unaandika. Na hiyo mizani yenyewe sharti kwanza ihakikiwe kwa mawe ambayo uzito wake unajulikana. Ninyi mmeandika namba lori likiwa ndiyo kwanza linapandisha gurudumu la mbele! Na jiwe lenu ni lipi? Mshahara? Wanaochunguza mambo haya hupima vitu viwili: kile ambacho watu wa nje wanaweza kukihesabu, yaani mshahara na cheo, na jinsi mwenyewe anavyoridhika na kazi yake. Viwili hivyo haviandamani sana. Karatasi yenu haikuwa na nafasi ya hicho cha pili.

Nilimsikia mwingine akinong'ona juu ya shahada ya binti yule, “Na ile fasti klasi yake yote!” Haya. Mwaka 1998 Wamarekani wawili, Frank Schmidt na John Hunter, walikusanya matokeo ya utafiti wa miaka 85 kuhusu kinachobashiri nani atafanya kazi vizuri. Miaka ya kusoma ilipata 0.10, pale ambapo 1 ni kubashiri bila kukosea. Kumpa mtu kipande cha kazi yenyewe akifanye kulipata 0.54. Nani amempa binti yule kipande cha kazi?

Tena mlitoka chuo wakati mgumu. Makontena yalikwisha anza kupandishwa reli mpya moja kwa moja hadi Nairobi, ofisi za klaringi mjini, zile za kuwatolea watu mizigo bandarini, zikapunguza watu, kisha korona ikafunga hoteli. Kanada walifuatilia wahitimu waliotoka chuo uchumi ukiwa umezorota: walianza na kipato pungufu kwa asilimia 9 hivi, na pengo lilichukua kama miaka 10 kuzibika. Mwaka wa kuhitimu hakuuchagua mtu.

Nasi wazee tuna makosa. Ni sisi tunaowauliza harusini, mbele za watu, “Umejenga?” Waajiri nao wanamtaka mtoto aliyetoka chuo jana awe na uzoefu wa miaka mitano. Na vyuo, nimesomesha watoto wanne, sijaona hata kimoja kikipiga simu kuuliza wamefikia wapi.

Mengine nayasema kwa ufupi. Lipeni HELB, ule mkopo wa serikali mliosomea chuo, hata kidogo kidogo. Msikope kwa simu ili nyumbani waone mmefanikiwa. Aliyeacha kazi kulea mwana msiseme amepotea.

Lakini hili lishikeni. Mwaka 1973 Mark Granovetter, mwanasosholojia wa Marekani, aliandika juu ya watu wa kitongoji kimoja cha Boston waliopata kazi kupitia mtu. Asilimia 16.7 tu walisaidiwa na mtu wanayeonana naye mara nyingi, asilimia 55.6 walisaidiwa na wa kuonana mara moja moja, na 27.8 na wa nadra. Wasioonana mara nyingi ndio ninyi, wanangu, mnaokutana mwaka kwa mwaka! Kila mmoja anasikia ofisini kwake habari ambazo mwenzake hazimfikii. Saa mbili mlizokaa pale mlizitumia kupimana.

Karatasi ninayo mimi. Mliiacha juu ya jamvi, nikaiokota, na nyuma yake haijaandikwa kitu. Aliyesikia nafasi popote, ya mshahara au ya kujifunza tu, aje barazani kwangu baada ya Alasiri aiandike. Kalamu ipo. Nikishaswali Magharibi nitaipeleka Makadara mwenyewe.

Babu yenu