Nafuu ya kodi ya mwalimu imo kwenye salari slipu

Ndugu Mhariri,

Walimu wengi wa huku Nyanda za Juu Kusini hutumiana kwenye magrupu ya WhatsApp maelezo ya namna ya kudai nafuu ya kodi kwa gharama za vitabu, chaki na nauli. Mengi ya maelezo hayo ni ya nchi nyingine. Marekani, kabla kodi haijapigwa, mwalimu anayestahili huruhusiwa kuondoa kwenye kipato chake kiasi fulani cha gharama za vifaa vya darasani alivyojinunulia. Sheria yetu ya Kodi ya Mapato, Sura 332, haimpi mwajiriwa nafasi hiyo. Mwalimu ambaye kipato chake ni mshahara tu hata ritani (fomu ya kodi ya mwaka) hajazi, kwa sababu kodi yake inamalizwa na mwajiri kupitia PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara kila mwezi. Kwa hiyo risiti za vitabu alizotunza mwaka mzima hazina pa kupelekwa TRA.

Nafuu iliyopo ni makato ya pensheni, nayo hutegemea mhasibu ameanza na lipi. Pensheni hutolewa kwanza, kodi hupigwa kwenye kinachobaki. Kwa Tanzania Bara, shilingi 270,000 za kwanza kwa mwezi hazina kodi. Kuanzia hapo hadi 520,000 ni asilimia 8. Hadi 760,000 ni asilimia 20. Hadi 1,000,000 ni asilimia 25. Zaidi ya hapo ni asilimia 30.

Chukua mwalimu wa shule binafsi pale Mafinga au Tukuyu mwenye mshahara wa 500,000 na posho ya nyumba 100,000, anayekatwa pensheni ya NSSF asilimia 10. Jumla ni 600,000, NSSF 60,000, kinachotozwa kodi ni 540,000. Kodi ni 20,000 ya daraja la asilimia 8, kisha asilimia 20 ya zile 20,000 zilizozidi, yaani 4,000. Jumla 24,000. Mhasibu akiipiga kwenye 600,000 nzima, inatoka 36,000. Mwalimu amepoteza 12,000 kila mwezi, 144,000 kwa mwaka, na slipu haionyeshi kosa kwa kuwa imeandikwa "PAYE" tu. Kikokotoo cha simu kinatosha kulibaini. Ukiliona, mwandikie mwajiri barua mapema ukiambatisha slipu za miezi husika, maana ndiye anayewasilisha PAYE kila mwezi na ndiye wa kurekebisha hesabu.

Bima ya NHIF, ada ya chama cha walimu na mkopo wa elimu ya juu (HESLB) havipunguzi kodi. Vyote hukatwa kwenye mshahara ambao kodi yake imeshapigwa. Ndiyo maana mwalimu wa serikali mwenye 800,000 anakatwa pensheni ya PSSSF 40,000, kodi 68,000, na bado mkopo wa 120,000 unamsubiri.

Posho ndipo penye mkanganyiko mkubwa. Kwa mtumishi wa serikali, posho za nyumba, usafiri, madaraka na muda wa ziada hazihesabiwi kwenye kipato kinachotozwa kodi, kwa hiyo posho ya madaraka ya mkuu wa shule haipaswi kuongezwa kwenye mshahara wakati wa kupiga PAYE. Shule binafsi haina msamaha huo. Kuna mikataba inayogawa mshahara mmoja kuwa posho nne kwa kudhani kodi itakwepeka. Mkaguzi akifika anazijumlisha zote.

Sasa vifaa. Shule inayompa mwalimu 30,000 kila mwezi kama "posho ya vifaa" bila kudai risiti imemwongezea mshahara. Akiwa daraja la asilimia 20, NSSF inachukua 3,000, kodi 5,400, anabaki na 21,600 za kununulia manila na kalamu za wino. Fedha hiyohiyo ikirejeshwa kwa gharama halisi ya kazi, sheria haiitozi kodi. Ila karatasi ziwe sawa: dokezo la maombi lililoidhinishwa kabla ya kununua, risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki) yenye jina na TIN, yaani namba ya mlipakodi, ya shule, na hati ya malipo yenye kiasi kilekile cha risiti. Risiti zinazokwama ni zile zilizoandikwa jina la mwalimu na zile zilizofutika. Karatasi ya EFD haidumu, itoleeni kivuli siku hiyohiyo. Nauli ya kwenda semina Iringa mjini inaingia kwenye utaratibu huu. Bodaboda ya kila siku kutoka Uyole kwenda kazini haiingii, hiyo ni ya mfukoni.

Na anayefundisha jioni kwa ajira ya pili asishangae kukatwa asilimia 30 kuanzia shilingi ya kwanza. Zile 270,000 zisizo na kodi zimeshatumika kwa mwajiri wake wa kwanza.

Ombi letu kwa wahasibu wenzetu wa shule ni dogo: ongezeni kwenye slipu mstari mmoja wa "kipato kinachotozwa kodi", ukae katikati ya pensheni na PAYE.

Wahasibu wa shule,
Mafinga, Iringa