Jumamosi hii: vifaa vya kuchezea na uji wa watoto

Wazazi na walezi wenzangu, habari za jioni.

Tulipanga tukutane Ijumaa, lakini mwalimu ana semina siku hiyo. Sasa ni Jumamosi, saa 3 asubuhi, chini ya mwembe pale darasa la awali. Saa 5 na nusu tutakuwa tumemaliza. Watoto waje pia.

1. Kila mmoja aje na vizibo vya soda 20 (vioshwe jamani, mara iliyopita nyuki walitusindikiza hadi barabarani), maboksi matupu na vipande vya kitenge. Tutashona midoli na kukata kadi za herufi. Vizibo ni vya kuhesabia: mtoto akivishika na kuvipanga mwenyewe, tano anaielewa, haiimbi tu.

2. Uji wa mwezi ujao: shilingi 3,000 kwa mtoto, kwa mweka hazina, mwisho Alhamisi saa 2 usiku. Asiye na fedha alete unga wa dona kilo 2.

3. Akina baba wawili wenye nyundo na misumari, bembea imelegea.

Naomba kila mmoja aandike "Nipo" au "Sipo" kabla ya kesho mchana. Dole gumba silihesabu.