Asante dada wa maktaba

Dada uliyekaa na mimi maktaba jumamosi mpaka wanafunga, jina sikukuuliza ila asante sana jamani. Bila wewe zile barua za Robert Louis Stevenson, yule mwandishi wa hadithi wa Uskoti, zisingenieleweka, kumbe kule visiwa vya Samoa mwaka 1893 aliugua mafua makali akatema damu akakatazwa hata kuongea, basi akawa anamtajia Belle, mtoto wa mkewe, hadithi yake kwa ishara za vidole! Na mkono wa kulia ulishamsumbua hivyo barua nyingi anaandika Belle, mambo ya hela anashughulikia rafiki yake wakili Charles Baxter kule Edinburgh. Mimi ndo namwandikia baba meseji zake tangu mkono wake upooze, pale kwenye vidole nililia na wewe ukanishika bega tu, Mungu akubariki dada.