Foldscope Jumamosi: muda umebadilika

Habari za jioni, walimu wenzangu. Zoezi la Foldscope, ile hadubini ya karatasi ya Chuo Kikuu cha Stanford inayokuza mara 140, sasa ni Jumamosi saa 3 asubuhi, maabara ya biolojia. Mchana kuna mtihani humo.

1. Mchango sh 5,000 kwa mhazini, mwisho Alhamisi jioni.
2. Kila kundi lilete maji ya bwawa yaliyochotwa asubuhi hiyohiyo. Yakilala kwenye chupa iliyofungwa, vijidudu hukosa oksijeni na kufa. Tone moja tu latosha. Likizidi, kifuniko chembamba kinachowekwa juu ya tone huelea na maji hulowesha lenzi.
3. Lenzi isiguswe kwa kidole, jamani! Mafuta ya ngozi huleta ukungu.
4. Simu zije na chaji, tutazishikiza kwenye Foldscope kwa sumaku.

Tafadhali jibuni "Nipo" au "Sipo" kabla ya kesho saa 2 usiku, tuhesabu vifaa.